Lile swali la masaa nane

Kazi yangu kwa kifupi ni kupiga simu. Mi sio daktari na sijawahi kushika kisu cha upasuaji, nakaa kwenye kachumba kadogo na hedifoni na faili la fomu, nawapigia watu walioumia kichwa miezi sita iliyopita, au ndugu zao kama wenyewe hawawezi kuongea, nauliza maswali yaleyale kwa mpangilio uleule kwa kila mtu. Utafiti wa tiba ndo unavyokwenda. Madaktari wanahangaika kule wodini na thieta (chumba cha upasuaji), kompyuta inachagua kwa bahati nasibu nani apate matibabu gani, afu miezi sita baadae lazima awepo mtu wa kuuliza, haya, yuko vipi sasa? Huyo mtu ndo mimi.

Kuna mama mmoja nataka nimuelezee leo, nimebadilisha mawili matatu ili asitambulike, ila maneno yake ni yake. Kijana wake wa kiume, umri wa miaka ishirini na kitu, pikipiki, kichwa. Wiki tatu kwenye mashine ya kupumulia. Nimempigia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, tumeongea vizuri tu mpaka nimefika kwenye swali ambalo mi naliita la masaa nane.

"Mama, anaweza kubaki nyumbani peke yake mchana, masaa nane, akajihudumia mwenyewe bila mtu?"

Kimya. Nasikia redio kwa mbali.

"Peke yake peke yake?"

"Ndio mama. Bila mtu yeyote."

"Sasa mwanangu," akasema, kwa sauti ya mtu anayemuonea huruma mwenzake aliyeuliza kitu cha kijinga, "nani atamwacha?"

Na kwenye fomu yangu hamna kiboksi cha "nani atamwacha". Kuna ndio na hapana.

Ngoja kwanza nieleze hilo swali limetoka wapi, maana bila hivo mtaona nachosha watu na vifomu. Mwaka 1974 madaktari wawili wa Glasgow, kule Skotlandi, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitoa kile kipimo cha koma ambacho leo kila nesi wa emajensi anakijua, unaangalia macho, maneno na viungo, unajumlisha, unapata namba kati ya 3 na 15. (Ndio, ya chini kabisa ni 3 na sio sifuri, kuna utani wa wodini kwamba hata maiti anapata alama tatu za bure.) Hicho ni cha siku ya kwanza, mtu kaletwa sasa hivi, yuko vipi. Mwaka uliofuata, 1975, Jennett na mwenzie Michael Bond wakatoa kipimo kingine ambacho hakina umaarufu huo ila ndo kinachonilipa mimi mshahara, hichi ni cha mwisho wa safari: baada ya miezi, maisha yamekuaje? Kilikua na ngazi tano. Kafa. Yupo ila hayupo, yaani macho yanafunguka na kufumba lakini hamna dalili kwamba anajua chochote. Ana ulemavu mkubwa. Ana ulemavu wa wastani. Kapona vizuri. Baadae ngazi tatu za juu zikagawanywa kila moja mara mbili zikawa nane jumla, na mwaka 1998 yakaandikwa maswali rasmi ya kuuliza ili mimi hapa na mwenzangu wa bara lingine tukimhoji mtu mmoja tutoke na jibu moja.

Kwa hiyo ile ngazi ya "ulemavu mkubwa" ina vyumba viwili, cha chini na cha juu. Na ukuta unaotenganisha hivo vyumba ndo lile swali. Kama hawezi kuachwa peke yake masaa nane, yuko chini. Kama anaweza kuachwa masaa nane lakini siku nzima na usiku wake hawezi, yuko juu. Basi, ukuta wenyewe ndo huo.

Kabla sijaendelea, hili swali kwa Kiswahili lina mtego ambao aliyelitunga wala asingeweza kuufikiria. Mwanzoni nlikua nauliza kisomi, "anaweza kubaki peke yake kwa saa nane?", watu wananijibu "eeh saa nane anaweza, mi narudi saa saba". Yaani wamesikia saa nane ya mchana! Fomu ngapi nlijaza hivo kabla sijashtuka sijui, zile nilizozishuku nilirudi nikapiga upya nikaomba radhi, na toka siku hiyo nasema MASAA nane, walimu wa Kiswahili mnisamehe najua neno ni saa tu halina wingi huo, na naongeza "tuseme kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tisa mchana". Hapo mtu anaona picha. Anaanza kuhesabu, saa nne anatakiwa kunywa dawa, saa saba anakula, choo je.

Sasa kwa nini nasumbuka na swali moja hivi. Kwa sababu ya kufungua fuvu.

Fuvu la mtu mzima ni boksi lililofungwa. Ndani kuna ubongo, damu, na maji yanayouzunguka, nafasi ni ileile haiongezeki. Ubongo ukiumia unavimba, ukivimba presha ya humo ndani inapanda, ikipanda sana damu inashindwa kuingia, na ubongo usiopata damu unakufa, unaweza hata kusukumwa kuelekea kile kitundu cha chini ya fuvu na hapo ndo mwisho. Hivo wazo la kutoa kipande kikubwa cha fuvu ili ubongo upate pa kuvimbia ni wazo ambalo hata mtoto analielewa, na madaktari wamelifanya kwa miaka mingi. Hesabu inakubali, picha ya CT inakubali, mashine ya presha pale kitandani inakubali, unaiona kabisa namba inashuka.

Mwaka 2011 ukatoka utafiti unaitwa DECRA. Watu wazima 155, presha ikivuka milimita 20 za zebaki kwa dakika 15 tu ndani ya lisaa, licha ya dawa za mwanzo, nusu wanatolewa fuvu nusu wanaendelea na dawa. Presha ikashuka kweli kwa waliofunguliwa, siku za ICU zikapungua. Vifo havikupishana. Ila nilivyokuja kuwauliza (sio mimi, wenzangu wa kule) baada ya miezi sita, asilimia 70 ya waliofunguliwa walikua kwenye matokeo mabaya, na wa dawa asilimia 51. Watu walichanganyikiwa aisee. Ikaja kuonekana waliopangiwa upasuaji walikua na wengi zaidi ambao mboni zote mbili hazijibu mwanga tangu mwanzo (dalili ya jeraha baya zaidi), na ukisawazisha hilo tofauti inapungua mpaka huwezi kuisimamia, lakini hata hivo hakuna aliyeweza kusema kufungua mapema kumesaidia. Namba kwenye mashine ilishuka. Mtu hakupanda.

Afu 2016 ukaja mwingine, RESCUEicp. Hawa hawakuwahi, walisubiri. Wagonjwa 408, presha imevuka 25, imekaa hapo lisaa limoja au zaidi, na dawa zote za kawaida zimeshindwa, yaani hawa ni wale ambao kila mtu pale wodini ameshaanza kuongea kwa sauti ya chini. Miezi sita baadae, kwenye kundi la dawa walikua wamekufa asilimia 48.9, kwa waliofunguliwa 26.9. Hiyo ni tofauti kubwa sana, nadra kuiona kwenye majeraha ya kichwa.

Ukiishia hapo unaenda nyumbani umefurahi. Usiishie hapo.

Waliandika wenyewe, na nawaheshimu kwa kuandika hivo waziwazi: ukichukua watu 100 ukawafungua badala ya kuendelea na dawa, 22 zaidi wataishi. Kati ya hao 22, sita watakua kwenye ile hali ya yupo ila hayupo. Nane watakua wanategemea wengine wawahudumie. Na nane watakua angalau wanaweza kujihudumia nyumbani, au zaidi ya hapo.

Umeona ukuta ulipo? Nane huku, nane kule. Katikati yao kuna mtu na simu anauliza masaa nane.

Na kuna kitu kimejificha zaidi. Kwa kawaida tafiti za majeraha ya kichwa zinachora mstari kati ya ulemavu mkubwa na ulemavu wa wastani, juu ya mstari "matokeo mazuri", chini "mabaya", DECRA walichora hapo. RESCUEicp walishusha mstari ngazi moja, wakasema mtu anayeweza kubaki nyumbani mwenyewe mchana tumuhesabu kwenye wazuri. Walisema hivo kabla hawajaona matokeo, kwa hiyo sio ujanja. Ila angalia: ukichora mstari pa zamani, miezi sita, makundi mawili yanakaribia kufanana kabisa, asilimia 27 na 27. Ukichora wanapotaka wao, miezi sita hiyohiyo, ni 42.8 kwa waliofunguliwa na 34.6 kwa wa dawa, na mwaka mmoja baadae inafika 45.4 kwa 32.4. Wagonjwa ni walewale jamani. Hamna aliyeinuka kitandani wala aliyelala kwa sababu mstari umehama.

Mi siwezi kukwambia mstari sahihi uko wapi. Nishawahi kumuuliza daktari mmoja bingwa tukiwa tunasubiri lifti, akanijibu "inategemea unamuuliza nani", lifti ikaja akapanda. Nlikasirika siku ile. Siku hizi naona alinijibu.

Kuna siku nilipiga namba nikampata kaka wa mgonjwa. Akajibu haraka haraka, anajiweza, anatembea, anaenda dukani, anarudi na chenji kamili, kazini karudi ila "half day" (alisema hivohivo). Nikajaza, ngazi ya sita kati ya nane, nikafunga faili nimefurahi. Kesho yake mke wa mgonjwa akapiga mwenyewe, kaambiwa nilipiga. Akaanza kwa upole tu, "dada, nimesikia mmesema mume wangu amepona." Afu akanieleza. Anatembea kweli. Dukani anaenda kweli. Ila anarusha vitu. Analia bila sababu, anacheka kwenye msiba, watoto wanamkimbia. "Yule aliyerudi na aliyeondoka," akasema, "wana sura moja tu."

Fomu ina swali la hilo pia, watu hawajui. Swali la saba, kama jeraha limevuruga familia au urafiki, na pale wameorodhesha mambo kama hasira za haraka, wasiwasi, kutojali, kubadilika badilika, tabia za kitoto. Unauliza na mara ngapi, mara mojamoja, mara moja kwa wiki au zaidi, au kila siku mpaka haivumiliki. Nlikua nimemuuliza kaka, akasema "kawaida tu". Kaka hakai naye. Nikarudia fomu nzima na mke, ikashuka ngazi. Mtu yuleyule, jeraha lilelile, masaa 24 yamepita, na data imebadilika kwa sababu nimebadilisha masikio. Toka hapo swali langu la kwanza kabisa kabla ya yote ni, samahani, wewe unalala naye nyumba moja?

Kingine kinachonitoa jasho ni kutojua. Mi sitakiwi kujua mgonjwa alipewa nini. Makusudi. Nikijua kafunguliwa fuvu na moyoni naamini kufungua fuvu, masikio yangu yatasikia "anaweza" hata akisema "anajaribu". Sasa ndugu wa mgonjwa wao hawajui hizo habari za upofu wa utafiti, mtu ana miezi sita hajapata wa kumsikiliza, we umempigia, unadhani ataanza na nini? "Mwanangu walivyomtoa lile fuvu..." na mi namkatiza, mama samahani sana, hilo usiniambie. Fikiria. Mtu anataka kukuhadithia siku mbaya kuliko zote maishani mwake na unamwambia usiniambie. Tumejifunza kumwambia mwanzoni, kabla ya yote, mama kuna kitu kimoja ntakuomba usinitajie, nitakueleza kwa nini. Wengi wanaelewa. Wachache wanakata simu, na sina neno nao.

Kuna tafiti ambazo swali lake ni jepesi, nazionea wivu. CRASH kwa mfano, ya steroidi. Miaka mingi watu walioumia kichwa walikua wanapewa steroidi, hoja ilikua na akili kabisa, ubongo umevimba, steroidi zinapunguza uvimbe, na kwa wagonjwa wa tyuma (uvimbe unaoota ndani ya ubongo) unaona kwa macho, mtu kaja anaumwa kichwa hajielewi, anapewa deksamethasoni, ambayo ni steroidi, kesho yake anaongea na kuomba chakula. Basi wakachukulia jeraha nalo litakua hivohivo. Wakakusanya wagonjwa 10,008 kwenye hospitali 239 za nchi 49, walitaka wafike elfu ishirini, mwaka 2004 wakasimamishwa kabla ya kumaliza. Ndani ya wiki mbili, waliopewa steroidi walikufa asilimia 21.1, waliopewa dawa ya bandia 17.9. Swali lao la wiki mbili: yuko hai? Ndio au hapana. Huhitaji kuuliza nani atamwacha.

Lakini hebu iangalie hiyo tofauti. Watatu katika mia. Daktari aliyesimama wodini miaka ishirini hawezi kuiona hiyo kwa macho, hata awe makini vipi, maana watu wa majeraha ya kichwa wanakufa tu na steroidi au bila steroidi, hao watatu wa ziada wanapotelea humohumo. Wanaonekana tu ukihesabu maelfu. Hilo ndo linanipa nguvu ya kupiga simu ya arobaini jioni wakati koo limekauka.

Steroidi zilirudi tena 2020 kwa sura nyingine, na hii ndo naipenda kuliko zote. Kuna ile damu inayojikusanya taratibu kati ya fuvu na ubongo, wazee wengi wanaipata, kajigonga kidogo wiki kadhaa nyuma hata hakumbuki, leo anaburuza mguu na kuchanganya majina ya wajukuu. Inatobolewa fuvu inatolewa, kazi imekwisha, tatizo wengine inarudi. Wakajaribu deksamethasoni, wagonjwa 748. Waliorudi thieta mara ya pili kwa kundi la dawa, asilimia 1.7. Kwa dawa ya bandia, 7.1. Ungekua we ndo daktari wa upasuaji, na unaona tu wale wanaorudi kwenye meza yako, ungesema nini? Ungesema dawa ni ya maajabu. Ila wao walipiga simu miezi sita baadae wakauliza maisha yakoje, na waliokua na hali nzuri ni 83.9 kwa dawa na 90.3 kwa bandia. Dawa ilizuia damu kurudi na bado ikawaacha watu vibaya zaidi. Ukihesabu waliorudi thieta unapata jibu moja, ukihesabu walivyo nyumbani unapata jibu la kinyume chake.

Kwa wa uti wa mgongo sina uzoefu mkubwa, nilisaidia miezi michache tu mwenzangu alipokua likizo ya uzazi. Ila kuna utafiti mmoja wa 2005 nlisoma nikabaki nao kichwani. Wagonjwa wa kansa, kansa imesambaa imekandamiza uti wa mgongo, miguu inaanza kufa. Wagonjwa 101, wengine mionzi peke yake, wengine wanapasuliwa kwanza afu mionzi. Wakalazimika kusema "kutembea" maana yake nini, wakasema hatua mbili kwa kila mguu, yaani hatua nne jumla, hata kwa fimbo. Hatua nne! Kutoka kitandani mpaka choo cha ndani, kama nyumba ina choo cha ndani. Waliopasuliwa, asilimia 84 waliweza kutembea baada ya matibabu, mionzi peke yake 57, na waliopasuliwa walibaki na uwezo huo siku 122 kwa wastani wa katikati, wenzao siku 13. Waliusimamisha mapema, ilikua wazi. Mtu akiniambia hatua nne ni kitu kidogo mi namuonyesha hiyo 122 na hiyo 13.

Japo nako kutembea tusikufanye mungu. Mwaka 2004 mtafiti Kim Anderson alitoa matokeo ya kuwauliza watu 681 wenye uti uliokatika au kuumia, mngependa mrudishiwe nini kwanza? Waliopooza mikono na miguu wengi wakasema mikono na vidole. Waliopooza miguu tu, jibu lililotajwa na wengi zaidi ni uwezo wa tendo la ndoa. Kutembea hakukushika namba moja kote kuwili. Na sisi tuliosimama wima tulikua na uhakika kabisa tunajua jibu.

Haya, yule mama.

Siku ile ya kwanza sikujua niweke nini. Maelekezo ya fomu yanasema unapima anachoweza, sio anachofanya. Yaani hata kama hajawahi kuachwa, swali ni je angeachwa angeweza? Nikamueleza mama hivo. Akafikiri. Akasema, "Siwezi kujua kitu ambacho sijakijaribu, na sitajaribu." Nikaweka hapana. Chumba cha chini. Nlikaa na hiyo kitu wiki nzima, maana inawezekana kabisa nimemshusha kijana wa watu ngazi kwa sababu tu mama yake anampenda.

Miezi sita mingine ikapita, simu ya mwaka. Shikamoo mama. Marahaba, ni wewe yule wa masaa nane? Nikacheka, ndio mama, ni mimi.

"Nilijaribu," akasema.

Ikawa hivi. Alimuandalia kila kitu asubuhi, dawa kwenye kikombe, chakula kimefunikwa, akamwambia naenda mbali narudi jioni. Akatoka. Akaenda nyumba ya jirani, mlango wa tatu, akakaa dirishani na pazia limefunguliwa kidogo, anachungulia kwake. Saa mbili, kimya. Saa nne akamuona anapita na kikombe. Saa sita jirani akamwambia we mama kula basi, hakula. Saa saba moshi hauonekani, maji hayamwagiki, hamna kilio. Saa nane kasoro, mlango ukafunguliwa.

"Akatoka, akafunga mlango na ufunguo, mwanangu. Na ufunguo! Akauweka mfukoni. Akaenda nyumba ya kwanza akabisha hodi, nasikia anauliza, mmemuona mama? Nyumba ya pili, mmemuona mama? Akaja na hii niliyojificha. Akabisha. Jirani ananiangalia mimi, mimi namuangalia jirani."

"Ukafanyaje?"

"Nikafungua. Akaniangalia akasema, mama umechelewa, afu akaanza kulia. Mi nami nikalia."

Kutoka saa moja mpaka saa nane kasoro, hayafiki hata masaa saba. Kajihudumia, kala, kanywa dawa, kafunga mlango, kapata wazo la kutafuta na namna ya kutafuta, nyumba kwa nyumba, na hakupotea. Na ameshindwa kukaa peke yake.

"Sasa hapo," mama akaniuliza, "we unaandika ngapi?"

Nilimwambia asubiri kidogo. Nikaweka kalamu chini, nikaomba anipe huyo kijana niongee nae mwenyewe, kama anaweza. Nikasikia simu inapewa mtu, pumzi, afu sauti nzito kidogo, polepole, neno moja moja.

"Ha-lo. Unataka nini na mama?"